P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, umemeza, na VVU je? Maswali ya wanachuo

Magonjwa ya zinaa ni yapi?
Yanayoambukizwa kwa kujamiiana: VVU, kisonono, kaswende, klamidia, homa ya ini aina ya B, na virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi.

Kwa nini mnatuandama sisi wa chuo?
Kwa sababu foleni yetu hapa hospitali inajaa ninyi. Wengi ndiyo mara ya kwanza kuishi mbali na wazazi. Boom (fedha ya mkopo wa chuo) likiingia, pombe na sherehe. Likikata, yupo anayelipiwa kodi ya geto na mtu mzima mwenye gari, na anayelipa ndiye anayeamua kama kondomu itavaliwa. Bila kondomu hapo ni suala la fedha, si la kutojua.

Jana nimefanya bila kondomu, leo nimemeza P2. Niko salama?
Hapana. P2 inapunguza uwezekano wa mimba, basi. Haizuii VVU. Haizuii kisonono. Haizuii kaswende. Kinachonichosha ni hiki: wasichana wanajua kabisa kwamba P2 humezwa ndani ya saa 72, ila hawajui kwamba saa hizohizo 72 ndizo za PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio. PEP humezwa kila siku kwa siku 28, na ukiianza mapema zaidi ndivyo inavyofaa zaidi. Saa 72 zikishapita, hatukuanzishii, hata ukilia. Na wanalia, kweli.

Si nijipime kwanza nione?
Kipimo cha leo kinasema hali yako ya kabla ya usiku ule. Maambukizi ya jana hakiyaoni. Njoo, utapimwa hapa kabla ya kuanza dawa, halafu utarudia baadaye. Usingoje dalili.

Lakini mwenzangu ni mtu aliyetulia.
Umempima kwa macho?

Natokwa usaha, rafiki kanipa vidonge alivyobakiza.
Viache. Dozi nusunusu ndizo zinazotuletea kisonono kisichosikia dawa. Njoo upimwe, uje na mwenzako, la sivyo mtarudishiana. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote mpaka ugonjwa ufike kwenye mirija ya uzazi, na ugumba huanzia huko.

Naona aibu, zahanati ya chuo wote wananijua.
Panda daladala nenda hospitali nyingine ya serikali. Mapokezi sema tu una dharura, unataka kumwona daktari; mengine mwambie yeye mkiwa wawili.

Kama ilikuwa Ijumaa usiku, nije Jumatatu?
Hapana! Tangu Ijumaa saa nne usiku hadi Jumatatu saa nne asubuhi ni saa 60, na bado hujapata kadi wala hujapimwa. Kitengo cha dharura hakifungwi Jumamosi wala Jumapili. Njoo usiku huohuo, hata kama umelewa.