Kuwinda kulungu Kentucky: msitu wa umma si shamba la bibi

Haya ndiyo makosa yanayowaponza Waswahili wa Louisville na Lexington wanapoanza kuwinda kulungu wa mkia mweupe.

"Msitu ni wa serikali kuu, leseni ya jimbo ya nini?"

Msitu wa Taifa wa Daniel Boone ni wa serikali kuu, lakini uwindaji humo hufuata sheria za jimbo. Kata leseni ya uwindaji, kisha kibali cha kulungu. Leseni peke yake haitoshi. Mwaka wa leseni huanza 1 Machi, kwa hiyo ya msimu uliopita haikufai Novemba. Aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1975 abebe pia kadi ya mafunzo ya uwindaji. Usifyatue risasi ndani ya yadi 150 kutoka kwenye nyumba au kambi, wala kuivusha barabara. Na msitu wa taifa usiuchanganye na hifadhi ya taifa: Mammoth Cave ni marufuku kuwinda.

"Kibali ni cha kulungu wanne, basi madume manne."

Mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwaka, jimbo zima, hata ukibadili bunduki kwa upinde. Idadi ya majike hutegemea kanda ya kaunti unayowinda.

"Akishaanguka, kazi imekwisha."

Hapa ndipo wengi hunaswa, tena watu waaminifu kabisa. Kabla hujamsogeza, andika kwenye karatasi yako ya kumbukumbu: mnyama gani, dume au jike, tarehe, kaunti. Kisha mripoti kwa simu au intaneti kabla ya saa sita usiku wa siku hiyohiyo, na kabla ya kumchuna au kukata nyama. Utapewa namba ya uthibitisho. Iandike papo hapo. Ukimwacha kwa mchinjaji, mfunge kijikaratasi chenye namba hiyo, jina lako na simu yako.

"Koti la mabaka ya rangi ya chungwa linatosha."

Msimu wa bunduki, rangi iwe moja isiyo na mabaka: kichwani, kifuani na mgongoni. Mwenye upinde naye avae.

"Nyama ni yangu, nitaiuza."

Gawia majirani, toa sadaka. Kuuza ni kosa. Na ukiwinda jimbo lenye ugonjwa wa kulungu wa kukonda hadi kufa, usirudi na ubongo wala uti wa mgongo, maana humo ndimo hujaa prioni, yaani protini zilizoharibika zinazoleta ugonjwa huo. Toa mifupa, rudi na mnofu.