Kuchoma DVD ya harusi ikakubali kwenye deki ya sebuleni

Faili linacheza vizuri kwenye kompyuta, mtu analiburuta hadi kwenye diski, anachoma, halafu deki inagoma. Lawama zote zinaangukia diski, ilhali mara nyingi haina kosa. Deki ya kawaida ya DVD inaelewa picha zilizobanwa kwa mfumo wa MPEG-2, na MPEG-1 ya enzi za VCD. Simu na kamera za leo zinarekodi kwa mifumo mingine ya kubana, H.264 au H.265, na chipu ya deki haina njia ya kuzifungua. Kubadilisha jina la faili kutoka .mp4 kuwa .mpg hakusaidii kitu. Ndani bado ni H.264.

Deki yenye nembo ya DivX hukubali pia faili za AVI za Xvid zenye sauti ya MP3, mradi picha isizidi pikseli 720 kwa 576. Njia hiyo inatosha kama deki ni yako na umeshaijaribu. Ukimchomea mteja ambaye hujui deki yake, tengeneza DVD-Video kamili, yaani diski yenye mpangilio ule ule wa DVD za filamu za dukani.

Kwa PAL, mfumo wa TV uliozoeleka kwetu, DVD-Video inataka picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na sauti ya AC-3 au MP2 yenye sampuli 48,000 kwa sekunde (48 kHz). Hiyo 48 kHz haina mjadala. Nyimbo zilizotolewa kwenye CD ziko 44.1 kHz, na zisipobadilishwa programu ya kutengeneza DVD itazikataa, au deki itacheza picha bila sauti.

Video za simu zina kisirani kingine: fremu zake ni kama 30 kwa sekunde, lakini hazitoki kwa mwendo sawa. Zibadilishe kwanza ziwe na mwendo usiobadilika, la sivyo kufika katikati ya hotuba midomo na sauti vitakuwa vimeachana. Ukizilazimisha kuwa PAL, fremu 5 hutupwa kila sekunde, na wanaocheza huonekana wakistukastuka. Kazi yote ikiwa imetoka kwenye simu, mimi naitengeneza kwa NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, 720 kwa 480, fremu 29.97. Deki na TV nyingi za kwetu zinasoma mifumo yote miwili.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo roho ya kazi. Diski ya GB 4.7 ina baiti bilioni 4.7, na kompyuta ya Windows itakuonyesha kama GB 4.38. Ukiacha nafasi kidogo, una takriban kilobiti 36,000,000 za kugawa. Zigawe kwa sekunde za video yako upate kilobiti za kila sekunde, kisha toa 224 za sauti. Dakika 120 ni sekunde 7,200: unapata 5,000, ukitoa sauti zinabaki kama 4,770 za picha. Dakika 90 zinakupa kama 6,400. Kwa saa moja hesabu inapita 9,700, lakini usifike huko. Kikomo cha picha ni kilobiti 9,800 kwa sekunde, na deki dhaifu huanza kukwama mapema zaidi, hivyo mimi nasimama 8,000. Saa tatu zinakuachia 3,100 tu, na vumbi la ukumbini pamoja na taa za DJ vitageuka vibokisi. Hapo gawa kazi kwenye diski mbili. Mteja akilalamika kuhusu bei ya diski ya pili, mwonyeshe vibokisi.

Anayetumia ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri, anaweza kuandika hivi kwa saa mbili za PAL:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4700k -b:a 224k -ac 2 harusi.mpg

Video iliyorekodiwa simu ikiwa wima ijazwe weusi pembeni kabla ya hatua hii, ama sivyo bibi harusi atavutwa mpaka awe mpana kama mlango. Majina na maandishi yaweke mbali na kingo, asilimia 10 kila upande, kwa sababu TV ya chogo hukata pembezoni mwa picha.

Faili la .mpg peke yake bado si DVD. Lipitishe kwenye DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, ili lipate menyu, sura na folda ya VIDEO_TS yenye faili za IFO, BUP na VOB. VOB kukatwa vipande vya GB 1 ni kawaida, usiviunganishe. Hifadhi kama ISO, faili moja lenye nakala ya diski nzima, kisha ichome kwa programu ya ImgBurn. Ukichoma kwa Windows yenyewe, itakuuliza kama diski itumike kama flashi au kwa kicheza CD/DVD. Ukichagua flashi, deki nyingi hazitaisoma kabisa.

Kwa diski iliyoandikwa kasi ya 16x, choma kwa 4x au 8x. Kushuka hadi 1x hakuongezi ubora, maana tabaka la rangi linalochomwa ndani ya diski hizo limetengenezwa kwa kasi kubwa. Weka ISO kwenye diski kuu ya kompyuta (hard disk), si kwenye flashi, na tumia kompyuta yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati, hiyo DVD-R, diski inayochomwa mara moja tu, imekwisha. Ruhusu programu ihakiki baada ya kuchoma.

DVD-R ndiyo salama zaidi kwa deki za zamani. DVD-RW, ile inayofutika na kuchomwa tena, hurudisha mwanga kidogo, na lenzi iliyochoka huishindwa. Uchomaji huanzia ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio wenye makosa mengi. Picha ikikwama dakika za mwisho tu, punguza ujazo ubaki chini ya GB 4.2 kwa hesabu ya Windows. Ikikwama tangu mwanzo na diski za dukani nazo zinakwama, safisha lenzi ya deki. Stika za karatasi ziache: zikibanduka upande mmoja diski hupoteza mizani na kuanza kutetema. Andika kwa kalamu laini ya CD, karibu na tundu la katikati.