Rekodi zililingana, tarehe zikahama: kusawazisha majedwali kati ya MySQL na PostgreSQL

"Mwanangu, Januari yako na Januari yangu hazifanani." Ndivyo alivyoniambia kwenye simu mama mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo nilichokuwa nakihudumia. Mbele yake alikuwa na daftari lake la mkono na ripoti iliyochapwa kutoka mfumo mpya. Michango ya Desemba na Januari ukiijumlisha pamoja ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho, ila Desemba ilikuwa imezidi na Januari imepungua kwa kiasi kilekile.

Siku chache kabla nilikuwa nimenakili jedwali la michango kutoka MySQL, hifadhidata ya mfumo wa zamani, kwenda PostgreSQL, hifadhidata ya mfumo mpya. Zilikuwa rekodi laki nne na ushee. Nilizihesabu pande zote mbili, zikalingana. Nikajumlisha safu ya kiasi, nayo ikalingana. Nikaona kazi imekwisha.

Kilichotokea ni hiki. Safu ya muda kule MySQL ilikuwa ya aina ya TIMESTAMP, yaani tarehe na saa. MySQL huihifadhi kwa saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na kila anayeisoma hupewa saa kulingana na majira, yaani ukanda wa saa, ya kikao chake. Programu ya mysqldump, inayotoa nakala ya data ya MySQL, usipoiambia vinginevyo, hutoa saa hizo kwa UTC, kisha huandika juu ya faili agizo la kumjulisha mpokeaji kwamba majira ni hayo. PostgreSQL haielewi maagizo yale ya MySQL, kwa hiyo nilikata kichwa chote cha faili kabla ya kupakia. Na safu niliyoandaa kupokelea ilikuwa ya timestamp isiyobeba majira. Kila mchango ukarudi nyuma saa tatu.

Aliyechangia mchana hakuathirika kwenye ripoti, kwa sababu tarehe yake ilibaki ileile. Lakini watu wengi hutuma pesa kwa simu usiku. Mwanachama aliyetuma saa saba na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, akasomeka ametuma saa nne na nusu usiku wa tarehe 31 Desemba. Mchango wake ukahamia mwaka mwingine, na kwenye chama cha akiba mwaka ndio unaogawa faida.

Tangu siku ile nakuchukulia kunakili data kati ya seva za aina mbili kama kazi ya kutafsiri. Idadi ya rekodi inakuambia kwamba kila sentensi imefika. Haikuambii kama bado inasema kilekile.

Mifano ni mingi, na inayouma zaidi ni ile isiyotoa kosa lolote kwenye skrini. MySQL haina aina halisi ya ndiyo na hapana. Watu hutumia tinyint(1), aina ya namba ndogo. Ile 1 kwenye mabano haizuii chochote, safu hiyo inapokea namba yoyote kuanzia -128 hadi 127. Kwenye jedwali la wanachama, safu ya "hai" ilikuwa na 0 kwa aliyejitoa, 1 kwa aliye hai, na 2 kwa aliyesimamishwa, jambo alilolijua mtu mmoja tu ofisini. Ukitumia pgloader, programu ya kuhamishia data PostgreSQL, kwa mipangilio yake ya kawaida, safu hiyo inageuzwa kuwa boolean: 0 inakuwa hapana, na namba nyingine yoyote inakuwa ndiyo. Waliosimamishwa wote wangeamka wako hai na wana haki ya kukopa. Hilo nililiwahi, kwa sababu baada ya simu ya mama nilianza kuuliza kila safu ina thamani ngapi tofauti kabla ya kuigusa. Ni swali la mstari mmoja, na ningependa kila anayefanya kazi hii alizoee.

Tarehe ya 0000-00-00 ambayo MySQL za zamani ziliikubali, PostgreSQL inaikataa papo hapo, na afadhali hivyo, kwa kuwa kosa linalopiga kelele unalirekebisha siku hiyohiyo. Oracle, hifadhidata nyingine, inahesabu maandishi matupu kuwa ni NULL, yaani hakuna thamani, kwa hiyo "hakujaza" na "amejaza pasipo kitu" vinakuwa kitu kimoja. SQL Server, nayo hifadhidata, kwenye aina yake ya datetime inakadiria sehemu za sekunde ziishie kwenye .000, .003 au .007, na ukija kulinganisha saa na upande mwingine mara nyingi hazitalingana. MySQL kwa kawaida inaona AB102 na ab102 ni namba moja ya uanachama, PostgreSQL inaona ni watu wawili.

Hayo ni ya kunakili mara moja. Chama kile kilitaka mifumo yote miwili iende sambamba kwa miezi, matawi yakihama moja baada ya jingine, na hapo ndipo linapoanza suala la kusawazisha.

Njia ambayo kila mtu huanza nayo ni kuwa na safu inayoandika mara ya mwisho rekodi ilipobadilishwa. Kila baada ya dakika tano unaomba rekodi zilizobadilika tangu alama yako ya mwisho, yaani saa uliyofikia safari iliyopita, unazipeleka, unasogeza alama. Inafanya kazi kwenye majaribio. Kwenye kaunta yenye foleni, inapoteza data.

Tuseme karani anaingiza michango ya kikundi kizima ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani mabadiliko yanayothibitishwa yote kwa pamoja. Rekodi inapigwa muhuri saa 10:04:50, lakini muamala unathibitishwa saa 10:05:20, pale anapobonyeza kitufe cha mwisho. Programu yako imepita saa 10:05:00. Haikuiona rekodi ile kwa sababu ilikuwa haijathibitishwa, na hivyo ndivyo hifadhidata inavyopaswa kufanya. Alama ikasogea hadi 10:05:00. Safari inayofuata inaomba kila kilichobadilika baada ya hapo, na rekodi yenye muhuri wa 10:04:50 imeshaachwa nyuma. Haitachukuliwa tena mpaka mtu aiguse.

Dawa ya haraka ni kurudi nyuma: alama ikiwa 10:05, omba kuanzia 9:50, muda unaozidi muamala wako mrefu kuliko yote. Utachukua rekodi zilezile mara kadhaa, kwa hiyo uandishi wako lazima uvumilie marudio: kama ufunguo (kitambulisho cha kipekee cha rekodi) upo, sasisha, kama haupo, ingiza. Kwa kazi hiyo PostgreSQL ina agizo la ON CONFLICT tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, MySQL ina ON DUPLICATE KEY UPDATE, na SQL Server na Oracle zina MERGE.

Lakini hata hapo kuna jambo ambalo safu ya muda haiwezi kukuonyesha: rekodi iliyofutwa. Iliyofutwa haina muhuri, kwa kuwa haipo. Karani akifuta mchango alioingiza kimakosa, upande wa pili unabaki nao milele, na mwanachama anaonekana ana akiba asiyokuwa nayo.

Ndiyo maana mimi huacha kuuliza majedwali na kwenda kusoma logi ya mabadiliko yenyewe, kumbukumbu ambamo hifadhidata huandika kila kinachobadilika. MySQL huandika kila badiliko kwenye binlogi yake, na tangu toleo la 5.7.7 kwa kawaida huandika rekodi nzima kabla na baada ya badiliko. Logi inafuata mpangilio wa kuthibitishwa kwa miamala, kwa hiyo yule karani wa 10:05:20 anaonekana mahali pake, na kufuta kunaonekana kama tukio. Debezium ni programu huria inayosoma logi hizi na kutoa matukio, kutoka MySQL, PostgreSQL, SQL Server na nyinginezo. Ukisoma upande wa PostgreSQL, jihadhari na kitu kimoja: sloti ya urudufishaji unayoifungua, alama ya mahali msomaji wako alipofikia, huizuia seva kufuta logi ambazo hujazisoma. Msomaji wako akifa Ijumaa jioni na hakuna anayeangalia, diski inaweza kujaa kabla ya Jumatatu na hifadhidata ya watu ikasimama. Toleo la 13 la mwaka 2020 lilileta mpangilio wa max_slot_wal_keep_size wa kuweka kikomo. Kiweke, na uweke kengele kabla ya kikomo hicho.

Sasa kulinganisha, sehemu ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Ninagawa jedwali kwa ufunguo msingi, rekodi 10,000 kwa fungu, na kila rekodi naigeuza kuwa mstari mmoja wa maandishi ulio katika sura moja pande zote: saa kwa UTC hadi sekunde, fedha kwa desimali mbili, ndiyo na hapana kwa herufi moja. Kisha natoa md5 ya mstari ule, muhtasari mfupi unaobadilika mstari ukibadilika, ambayo MySQL na PostgreSQL zote zinayo. Fungu likitofautiana, naligawa nusu, na nusu yake tena, mpaka niifikie rekodi yenyewe.

Mitego miwili ilinichelewesha hapa. CONCAT_WS, agizo la kuunganisha safu kuwa mstari mmoja, pande zote mbili inaruka NULL. Namba ileile, iwe imekaa kwenye safu ya simu huku ya barua pepe ikiwa NULL, au kimakosa kwenye safu ya barua pepe huku ya simu ikiwa NULL, inatoa mstari uleule. Kwa hiyo kila NULL ninaipa alama yake kabla ya kuunganisha. Na GROUP_CONCAT ya MySQL, inayounganisha rekodi nyingi kuwa andishi moja, hukata matokeo kwenye baiti 1,024 usipoiongezea, ikitoa onyo tu ambalo programu nyingi hazilionyeshi. Nilikuwa nalinganisha mwanzo wa kila fungu nikidhani ni fungu zima. Siku hizi siunganishi md5 zote. Najumlisha tarakimu za mwanzo za kila moja kama namba, na hapo hata mpangilio wa rekodi hauna shida.

Kwa kuwa data inaendelea kutembea wakati unalinganisha, rekodi zilizotofautiana naziangalia tena baada ya dakika chache. Zilizobaki tofauti ndizo ninazozifuatilia, moja moja.

Usiku wa tawi la mwisho kuhama tulisimamisha uingizaji, tukasubiri logi iishe, tukalinganisha majedwali yote. Kabla ya kufungua kaunta nilipitia kila mfuatano wa namba na kuuweka sawa kwa setval, agizo la PostgreSQL la kupanga namba inayofuata, kwa sababu ukinakili rekodi pamoja na namba zake, PostgreSQL haijui kwamba zimetumika, na mwanachama wa kwanza wa asubuhi angepewa namba ya mtu mwingine, ufunguo ukamkataa. Mama mhasibu alikuwepo tangu alfajiri na daftari lake. Tulisoma naye michango ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, mstari kwa mstari, yeye kwenye karatasi na mimi kwenye skrini, mpaka ukurasa ukaisha.