Neno «algorithme» halitoki kwa Wagiriki

Wanafunzi wengi wa informatiki hapa Lubumbashi hufundishwa kwamba «algorithme», yaani mfululizo wa hatua za kutatua tatizo, ni Kigiriki: algos, maumivu, na arithmos, namba. Maelezo hayo yanavutia, lakini si kweli.

Neno hili ni jina la mtu. Al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad katika karne ya 9, aliitwa hivyo kwa sababu ya asili yake, Khwarazm, kusini mwa Bahari ya Aral. Hiyo «al» ni ileile iliyomo katika Alhamisi yetu. Kitabu chake cha tarakimu za Kihindi kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina likawa Algorizmi, kisha algorismus: hesabu ya kuandika tarakimu.

Kosa lilianzia kwenye tahajia. Wasomi wa Ulaya walidhani sehemu ya mwisho ni arithmos, wakaiandika kwa «th». Logarithme, neno jingine la hesabu ambalo kweli ni la Kigiriki, liliundwa na John Napier, mwanahesabu wa Scotland, aliyelichapisha mwaka 1614, na mpaka leo watu huchanganya hayo mawili.

Tazama lugha nyingine. Kireno kina algarismo na Kihispania guarismo. Yote mawili maana yake ni tarakimu, wala hayana «th». Kirusi husema algoritm, Kituruki algoritma. Kichina kimeunda neno lake, suanfa: suan ni kuhesabu, fa ni njia. Kiarabu cha leo nacho husema khwarizmiyya. Humo jina la mzee huyo linasikika waziwazi.