Je, wajua kwa nini wanajeshi wetu walivimba miguu Mogadishu?

Mwaka 2009 kuna jambo lilitokea Somalia ambalo hapa Uganda wengi wameshalisahau. Wanajeshi wa AMISOM, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Afrika, yaani jeshi letu la UPDF pamoja na Warundi, walianza kuvimba miguu, kifua kinabana, pumzi shida, na hapo hakuna aliyepigwa risasi. Vijana wazima kabisa, mazoezi wamepita. Zaidi ya 200 waliugua, wanne wakafa, wengine ikabidi wasafirishwe kwa ndege mpaka hospitali za Nairobi na Kampala.

Kumbe shida ilikuwa kwenye sahani. Ugonjwa wenyewe ni beriberi, unaletwa na upungufu wa vitamini B1, na akiba ya hiyo vitamini mwilini ni ya wiki chache tu. Mchele ukishakobolewa ukawa mweupe unang'aa, vitamini nyingi imebaki kwenye pumba, sisi hizo tunapeleka kwa kuku. Ukiikosa moyo unachoka, maji yanajaa miguuni. Waliopewa B1 walipata nafuu haraka.

Sasa jeshi zima linakosaje chakula chenye B1? Tangu kikosi cha kwanza cha Uganda kishuke Mogadishu Machi 2007, majamaa walikuwa wamebanwa upande wa airport na bandari, adui yuko mitaa ya pili, nani utamtuma sokoni? Mapigano yakizidi kinachofika ni kile kisichooza, basi, mboga na matunda sahau.

Mwaka huohuo wa 2009 Umoja wa Mataifa ukaanzisha UNSOA, ofisi ambayo haishiki bunduki, kazi yake ni chakula, maji, mafuta ya magari, mahema, dawa na kuwatoa majeruhi. Makao yalikuwa Nairobi, bohari Mombasa, mzigo ulipanda meli mpaka Mogadishu. Cha ajabu ni kwamba UN ilikuwa inalisha jeshi ambalo si lake, ni la Umoja wa Afrika! Mwaka 2015 ikabadilishwa jina ikawa UNSOS, na majukumu yakaongezeka. Kwa maoni yangu hawa watu wa ugavi wanasahaulika sana, siku ya gwaride kila mtu anapiga picha kifaru, dereva wa tanka la mafuta nani anamjua?

Na kazi yao si ya nyuma kama watu wanavyodhani. Kule Shabelle ya Chini, mkoa wa kusini mwa Somalia ambako UPDF wamekaa miaka, barabara zinategwa mabomu, kwa hiyo wahandisi wanatangulia taratibu wakikagua udongo ndio malori ya posho yafuate, safari fupi inakula siku nzima. Barabara ikishindikana inaitwa helikopta, ila hiyo ni ghali mno na mzigo wake haufikii lori moja kubwa.