Mwenyeji na lengwa: kompyuta mbili katika kazi ya Linux ya vifaa vidogo

Ukiingia karakanani kwangu hapa Nakuru utakuta laptopu iliyofunguliwa, na kando yake bodi ya kijani ndogo kuliko simu, haina skrini, haina pa kuchapia. Anayeniona nikichapa hudhani kazi iko kwenye laptopu. Kumbe kazi iko kwenye ile bodi. Laptopu ndiyo tunayoiita mwenyeji, na bodi tunaiita lengwa: ya kwanza ndiko programu inakotengenezwa, ya pili ndiko itakakoishi. Jina la mwenyeji huwachanganya wanafunzi kidogo, maana mwenyeji huyu hupika asichokila.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilitolewa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za mezani. Leo imejaa kwenye ruta za waifai, ving'amuzi vya runinga, kamera za ulinzi na mitambo ya viwandani. Tukisema Linux iliyopachikwa tuna maana ya hii: Linux iliyofungiwa ndani ya kifaa chenye kazi yake maalumu, mtumiaji asijue wala asijali kwamba imo. Bodi ninayoizungumzia ina megabaiti 64 za RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na megabaiti 16 tu za hifadhi. Humo inakaa kerneli, pamoja na BusyBox, faili moja iliyobeba amri nyingi za kila siku kama ls, cp na ps. Kompaila, programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa maagizo ya prosesa, haiingii hapo hata kwa kusukuma.

Kwa hiyo unakompaili kwenye mwenyeji kwa niaba ya lengwa. Ni kama fundi cherehani wa hapa mtaani anayemshonea suti bwana harusi aliye Bungoma. Mwili haupo mbele yake, ana karatasi ya vipimo tu. Akijipima mwenyewe, suti itatoka nzuri, ila itamtosha yeye. Laptopu yangu ina prosesa ya x86-64 na bodi ina ya ARM, na maagizo ya moja hayaeleweki kwa nyingine. Kosa la kupeleka faili ya laptopu kwenye bodi hugunduliwa papo hapo, kwa hiyo halisumbui mtu. Linalosumbua ni pale vipimo vinapokaribiana bila kulingana.

Ushirika mmoja wa maziwa upande wa Njoro uliniomba kisanduku cha kupima joto la tangi la kupozea: maziwa yakipita nyuzi 4, mhudumu apate ujumbe. Niliandika programu kwa lugha ya C, nikaiita pima, nikaikompaili kwa ajili ya ARM na kuinakili hadi kwenye bodi. Nikachapa ./pima. Bodi ikajibu: not found. Yaani haipo. Nikachapa ls, na pima hiyo hapo, na ruhusa zake zote. Nikaiita tena. Haipo.

Kilichokosekana hakikuwa pima. Programu nyingi za Linux hazisimami peke yake. Ndani ya kila moja limeandikwa jina la kipakiaji, programu nyingine ndogo inayotangulia kuamka ili kuiunganisha na maktaba, yaani misimbo ya pamoja, inazozihitaji. Kompaila yangu ilikuwa ya glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, ikaandika /lib/ld-linux-armhf.so.3. Bodi ilikuwa na musl, maktaba nyepesi zaidi, ambayo kipakiaji chake ni /lib/ld-musl-armhf.so.1. Kerneli ikatafuta kile cha kwanza, ikakikosa, na sheli, programu inayopokea amri ninazochapa, ikaitwika pima lawama isiyo yake. Amri ya readelf -l pima, kwenye laptopu, ingenionyesha jina hilo kwa sekunde moja. Mimi nilimaliza jioni nzima na chupa nzima ya chai. Tangu hapo nakompaili kwa kompaila iliyotoka pamoja na mfumo wa bodi yenyewe, si kwa yoyote ninayoikuta kwenye laptopu.

Wakati mwingine bodi haiamki kabisa, na hapo hakuna pa kuchapa chochote. Dawa ni waya wa siriali, unaopitisha maandishi biti moja moja. Bodi nyingi zina pini tatu unazozihitaji: TX ya kutuma, RX ya kupokea, na GND, ardhi ya pamoja. TX ya huku huingia kwenye RX ya kule, mdomo kwenye sikio. Kati ya bodi na laptopu unaweka kiunganishi cha USB, na kasi ya kawaida ni biti 115200 kwa sekunde. Ukikosea kasi utaona herufi za ajabu ajabu zikimwagika. Angalia volti kabla hujagusa kitu: bodi nyingi huvumilia 3.3 tu, na kiunganishi cha volti 5 chaweza kuiunguza pini. Waya wa nne, ule wa umeme, uache ukining'inia kama bodi ina chanzo chake.

Maneno ya kwanza kutokea ni ya programu ya kuamshia, mara nyingi U-Boot, kisha kerneli hupokea usukani. Ukiyafuata unajua safari ilikatikia wapi. U-Boot ikisema yake halafu kimya, shuku kerneli, au shuku kwamba kerneli imeelekezwa kuongea kwenye mlango mwingine. Kerneli ikilalamika kuwa imeshindwa kupachika mfumo mkuu wa faili, yenyewe ni nzima, ila haijui nyumba yake iko wapi.

Programu ikishaamka na kuanza kukosea, ndipo GDB inapoingia, chombo cha kusakia hitilafu alichokianzisha Richard Stallman mwaka 1986. Nacho hugawanywa. Kwenye bodi inakaa gdbserver, ndogo, inayoshika programu na kuisimamisha ikiagizwa. Kwenye laptopu inakaa GDB kamili, pamoja na nakala ya pima yenye majina yote ya vigeu na namba za mistari, ambayo kwenye bodi tumeyanyoa ili kuokoa nafasi. Nakala hizo mbili lazima zitoke kwenye kompaili moja. Zisipolingana, GDB itakuonyesha mstari wa 40 kumbe kosa liko wa 52, tena bila aibu.

Siku moja niliisimamisha pima kwenye mstari wa kusoma kihisi, nikaanza kukagua vigeu taratibu. Haikupita dakika, muunganisho ukakatika na bodi ikaanza kuamka upya. Ikawa hivyo mara tatu. Nikalaumu waya, nikalaumu stima. Aliyekuwa akinizima ni saa ya ulinzi iliyo ndani ya chipu: programu isipoigusa kila baada ya sekunde kadhaa, huamini imekufa na kuiwasha bodi upya. Aliyepewa kazi ya kuigusa ni pima, na pima nilikuwa nimeisimamisha mimi. Siku hizi nikisaka hitilafu naizima saa hiyo kwanza.

Kisanduku kilipofungwa Njoro, simu ya kwanza ilitoka kwa mama anayehudumia tangi.

“Fundi, hiki kisanduku chako kinasema leo ni mwaka wa 1970. Mimi hata sikuwa nimezaliwa.”

Stima ilikuwa imepotea usiku. Kumbukumbu za matukio ninazoziweka kwenye RAM zikaenda nayo, kwa hiyo sikuwa na cha kusoma. Bodi ile haina betri ya saa. Ikiamka huanza kuhesabu kutoka tarehe 1 Januari 1970, hadi ipate saa sahihi kutoka kwenye mtandao, na mtandao asubuhi hiyo ulichelewa. Vipimo vyote vya maziwa ya asubuhi vikabeba tarehe ya miaka hiyo. Karakanani sikuwahi kuliona jambo hilo, kwa sababu mtandao wangu haukatiki na bodi hupata saa kabla sijafungua daftari. Nikanunua chipu ya saa yenye betri ya duara, kama ile ya saa ya mkononi, nikaichukua pasi ya kulehemu na kupanda matatu ya Njoro.