Shati la dola 40: GED, ASVAB na hofu ya hesabu

Kila darasa jipya huliandikia ubaoni swali lile lile. Shati limepunguzwa bei kwa asilimia 20, sasa linauzwa dola 40. Awali liliuzwa kiasi gani? Wengi hunijibu 48. Wanatafuta asilimia 20 ya 40, wanapata 8, wanajumlisha. Kuzidisha na kujumlisha kwao hakuna kosa, ila punguzo lilikatwa kwenye bei ya zamani, si kwenye hii 40. Dola 40 ni asilimia 80 iliyobaki, kwa hiyo shati lilikuwa la dola 50.

Nafundisha watu wazima hapa Kentucky, na wengi wao ni Wakongo waliokulia kwenye kambi za wakimbizi: Nyarugusu, Kakuma, Nakivale. Mchana wako ghalani wanapanga maboksi, jioni wako darasani kwangu. Wanatafuta GED, cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari Marekani, na baadhi wanataka kuingia jeshini, ambako lazima upitie mtihani wa ASVAB. Karibu wote huja wakiogopa hesabu. Mimi huwaambia tuanze na kusoma.

Mitihani hii miwili ina undugu wa zamani. GED ilianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Vita Vikuu vya Pili walioingia vitani kabla ya kumaliza shule. Leo ina masomo manne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Alama za kila somo huanzia 100 hadi 200, na ukipata 145 umefaulu. Si lazima uyafanye yote siku moja. Anza na lile unalolimudu. Ukishafaulu moja, yaliyobaki hayakutishi tena.

ASVAB ina sehemu nyingi, lakini alama inayoamua kama utapokelewa jeshini, inayoitwa AFQT, hutoka kwenye nne tu: hesabu za mafumbo, kanuni za hesabu, maana za maneno na ufahamu. Maneno na ufahamu huunganishwa kuwa alama moja, kisha alama hiyo huzidishwa mara mbili. Nusu nzima ya AFQT ni Kiingereza! Na zile hesabu za mafumbo nazo zimeandikwa kwa Kiingereza, kama lile shati. Jambo jingine: AFQT ya 31 haina maana kwamba umepata maswali 31 kwa mia. Maana yake umewafikia au kuwapita watu 31 katika kila 100 wa kundi la vijana waliotumika kama kipimo.

Waliosoma kwa mtaala wa Kongo wana mtego wao, na nimeuona mara nyingi mno. Kwao mkato ndio hutenga desimali. Wakikutana na 3,500 wanasoma tatu na nusu, kumbe huku ni elfu tatu na mia tano. Kijana mmoja alikosa maswali manne ya jaribio kwa sababu hiyo tu, na alikuwa hodari kuliko wote darasani. Tulitumia jioni nzima kusoma bei kwenye karatasi za matangazo ya duka, kwa sauti, mpaka jicho likazoea.

Lakini Kifaransa hicho hicho ni hazina. Anayejua "commencer" tayari anajua "commence". Anayejua "faciliter" hatahangaika na "facilitate". Maneno ya namna hii ndiyo hupendwa kwenye mtihani. Nawapa daftari lenye safu tatu, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, maneno kumi kila siku. Ukurasa wa mwisho tunaweka wadanganyifu: "actuellement" ni sasa hivi, "actually" ni kwa kweli.

Ukifanya ASVAB kwenye kompyuta, ukishathibitisha jibu huwezi kulirudia, na ugumu wa swali linalofuata hutegemea ulivyojibu. Usibonyeze ovyo dakika za mwisho zikikubana, utajishusha alama. Kwenye karatasi ni kinyume: usiache swali hata moja tupu.

Sasa makaratasi. Mkimbizi huhitaji kwanza ukaazi wa kudumu, ile grini kadi, kabla ya kuandikishwa jeshini. Mwenye GED mara nyingi hudaiwa AFQT ya juu kuliko mwenye diploma ya sekondari. Ila akiongeza vipimo 15 vya masomo ya chuo, yaani "credits", huhesabiwa pamoja na wenye diploma. Nimewatuma kadhaa chuo cha jamii kwa muhula mmoja kwa ajili hiyo tu.

Mwaka juzi mama mmoja alihangaika na GED miezi minane. Siku moja akataja, kwa kupitia tu, kwamba alimaliza sekondari Bukavu. Nikamuuliza cheti kiko wapi.

"Kipo kwenye sanduku, mwalimu. Nilidhani huku hakina thamani."

Alikileta siku iliyofuata, Diplôme d'État yake, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Tuliipeleka kutafsiriwa na kutathminiwa wiki ile ile. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kila mwanafunzi, kabla hata ya lile la shati, ni hili: una cheti gani sandukuni?